Treni ya Vitofali Yenye Mota: Anza na Reli, Kichwa Baadaye

Shule zikifungwa Desemba, meza moja na boksi la vitofali vya plastiki vya LEGO vinatosha kujenga treni inayotembea. Wengi huanza na kichwa kwa sababu ndicho kinachopendeza, kisha treni ikianguka kwenye kona wanailaumu mota. Mara nyingi mota ni nzima, na ubovu uko njiani.

Hatua ya 1: Njia

Kipande cha reli ya LEGO kilichonyooka kina urefu wa vinundu 16 (vile vitufe vya juu ya kitofali), yaani sm 12.8. Vipande 16 vya kona hufunga duara lenye upana wa sm 70.4. Ongeza vipande 8 vilivyonyooka, 4 kila upande, upate njia ya sm 122 kwa sm 71. Sakafu ya saruji inafaa. Zulia halifai, kwa sababu nyuzi zake hujisokota kwenye ekseli hadi gurudumu linakuwa zito.

Bonyeza kila kiungo mpaka usikie mlio mdogo wa "ka", kisha pitisha ukucha juu ya reli polepole. Pale ukucha unapokwama ndipo gurudumu litakaporuka. Usiunganishe kona ya kushoto na ya kulia moja kwa moja. Weka angalau kipande kimoja kilichonyooka katikati, la sivyo mabehewa marefu yatavutana na kutoka njiani.

Ukitaka mlima, inua njia kwa kibao kimoja, yaani kitofali chembamba (mm 3.2), kwa kila kipande kilichonyooka. Huo ni mwinuko wa asilimia 2.5. Ukiinua kwa tofali zima unafika asilimia 7.5, na hapo magurudumu yatazunguka bila kusogea.

Hatua ya 2: Umeme

Unahitaji mota ya treni (namba 88011), kisanduku cha betri (88009) na rimoti (88010). Kisanduku hutumia betri 6 za AAA, rimoti 4. Betri za kuchaji zina volti 1.2 kila moja, hivyo sita hutoa 7.2 badala ya 9. Mwendo hupungua kidogo, lakini kwa likizo nzima ndizo za kununua. Usichanganye betri kuukuu na mpya.

Ukinunua vifaa vilivyotumika, angalia sana. Mota za volti 9 zilizouzwa kati ya 1991 na 2007 huchota umeme kutoka kwenye reli za chuma. Juu ya reli za plastiki hazitatikisika hata kidogo.

Hatua ya 3: Kichwa

Chukua kibao cha treni cha vinundu 6 kwa 28. Mota ikae chini upande mmoja, toroli la magurudumu lisilo na mota upande wa pili, kila kimoja kwa pini moja ya katikati ili kizunguke kwa uhuru. Kisanduku cha betri kiweke karibu na mota kadiri nafasi inavyoruhusu: uzito wake ndio unaobana magurudumu kwenye reli. Paa liwe la kutoka, maana utabadilisha betri.

Waya ndio unaoharibu vichwa vingi. Geuza mota kwa mkono hadi mwisho, kushoto na kulia, ukitazama waya. Ukikazika hata kidogo, utaivuta mota kwenye kona na gurudumu la mbele litapanda reli. Acha kitanzi kilegevu ndani ya kichwa, mbali na magurudumu.

Mota ikizunguka lakini treni haisogei, futa mipira ya magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi letu jekundu hugeuka utelezi. Ikiendelea, funga sarafu chache za shilingi 500 kwa selotepu na uziweke juu ya mota.

Hatua ya 4: Mabehewa

Anza na matatu. La kontena lililojaa liwe karibu na kichwa, matupu nyuma. Behewa jepesi likikaa kati ya kichwa na mzigo, huvutwa kuelekea ndani ya kona na kulala.

Behewa la vinundu 28, lenye pini mbili zilizoachana kwa vinundu 20, hutokeza katikati yake karibu sm 1 kuelekea ndani ya kona, na ncha zake karibu kiasi hicho hicho kuelekea nje. Kwa hiyo stesheni ya Namanve au Malaba utakayojenga kando ya kona iache vinundu 2 kutoka kwenye mataruma.

Kuhusu upana, reli halisi ya Uganda ya zamani ni ya mita moja, nyembamba chini ya behewa. Ya LEGO ina mm 37.5 chini ya behewa la mm 48 (vinundu 6), kwa hiyo treni yetu huonekana kama imetanua miguu. Vinundu 8 vya upana hurekebisha sura hiyo vizuri, lakini vinadai nafasi zaidi kando ya njia. Jenga ya 6 kwanza, izunguke mara ishirini bila kuanguka kwa mwendo wa kati, ndipo upanue.