Somo: Kuvuta maji ya jabia na kisima kuzima moto wa makuti

Gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vya mji wa Lamu, na moto wa Faza, kisiwani Pate, wa mwaka 2009 ulionyesha paa la makuti linavyowasha la jirani. Maji yako karibu: jabia (birika la kujengwa la kuhifadhi maji), kisima cha msikiti, bahari. Kazi ni kuyafikisha kabla upepo haujayazidi. Somo hili ni la kikundi chenye pampu ya petroli yenye mdomo wa inchi 2.

Pimeni maji mapema, kiangazi cha kaskazi kikiwa kimekolea, kwa maana ndipo visima hushuka na makuti hukauka. Jabia la mita 4 kwa 3 lenye maji ya kina cha mita 2 lina lita 24,000. Toeni sentimita 20 za chini, ambazo ni tope, zibaki lita 21,600. Pampu iliyoandikwa lita 600 kwa dakika ihesabuni nusu, kwa sababu kimo na urefu wa paipu hupunguza nguvu. Kwa lita 300, jabia hilo ni dakika 72. Andikeni hesabu hiyo kwa rangi ukutani, kando ya mlango wa jabia.

Pampu ikae karibu na maji, si karibu na moto. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Pampu husukuma maji mbali bila taabu, lakini kuvuta ina mpaka: ikizidi kimo cha mita 7 kutoka uso wa maji hadi pampu, haitavuta hata iwe mpya. Chini yake wekeni sinia au kipande cha bati, maana tone la petroli au oili likiingia jabiani, watu wamekosa maji ya kunywa.

Paipu ya kunyonyea iwe ngumu, ile yenye waya ndani. Laini hubanwa na hewa ikajifunga. Ipande moja kwa moja hadi kwenye pampu. Ikipita juu ya ukuta kisha ikashuka, hewa hukusanyika kwenye mgongo huo. Chujio la mwisho wa paipu hiyo litumbukizwe ndani ya pakacha lililofungwa kamba, ili majani na tope vibaki nje. Lizame angalau sentimita 50. Likiwa juu zaidi, maji huzunguka kama kimbunga kidogo na pampu hufyonza hewa. Kina kikiwa haba, wekeni ubao uelee juu yake.

Jazeni maji kwenye pampu hadi yafurike, fungeni kifuniko, ndipo muwashe. Ikiendeshwa kavu, sili, yaani kizuizi cha maji kwenye mhimili wa pampu, huungua upesi.

Moto ukiwa mbali na kisima, tengenezeni tangi la muda karibu nao. Fungeni fremu ya boriti, mita 2 kwa 2, kimo sentimita 75, mtandike turubai la mita 5 kwa 5. Litashika lita 3,000. Kila upande utasukumwa nje kwa uzito wa karibu kilo 560, kwa hiyo pembe zifungwe kwa kamba, si misumari pekee, na ardhi iwe tambarare. Punda mmoja hubeba madumu 4 ya lita 20, yaani lita 80. Punda 10 wakizunguka bila kusimama hulijaza kwa safari 4.

Maswali ya wanachama

*Matondoni: Maalim, pampu inanguruma vizuri lakini maji yanakuja na kukatika.*
Hewa inaingia upande wa kunyonya. Ikiwa inafanya kazi, pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungio: penye tundu, povu hufyonzwa ndani. Mara nyingi ni wosha (mpira wa kiungio) iliyokauka au klipu iliyolegea.

*Shela: Ndugu, maji ya bahari yanafaa?*
Yanafaa, lakini umeme ukatwe kwanza, kwani chumvi hupitisha umeme zaidi. Bamvua ikipwa maji hukimbia mbali, basi wekeni pampu ndani ya mashua na isukume kuelekea nchi kavu. Baadaye isuuzeni kwa maji matamu kwa dakika 5, na msiitumie jabiani kabla ya hapo.

*Siyu: Sisi hatuna pampu kabisa, Maalim. Tufanyeje?*
Pangeni safu mbili zinazotazamana, moja ya ndoo zilizojaa, nyingine ya tupu. Ndoo ya lita 10 kila sekunde 4 ni lita 150 kwa dakika. Kila mtu asimame mahali pake; akitembea, mnyororo umekatika. Watoto washike upande wa ndoo tupu.

*Kizingitini: Tumwagie nyumba inayowaka au ya jirani?*
Paa likishashika lote, maji yaende kwa jirani aliye upande unakokwenda upepo. Lowesheni makuti yake kuanzia kipeo, maji yateremke yenyewe. Wenye kulabu wavute makuti yanayowaka yaanguke ndani, si kichochoroni, na wasimame upande unakotoka upepo.