Safari ya kikundi kwenda Jerusalem: jipangeni mapema

Wana Arusha wa jamii ya Kiyahudi mnaotaka kwenda Jerusalem pamoja, anzeni na paspoti jamani, sio tiketi. Iwe na miezi 6 mbele, na maombi ni onlaini kwenye mfumo wa Uhamiaji, kwa hiyo asije mtu dakika za mwisho kusema cheti cha kuzaliwa hakionekani. Kadi ya homa ya manjano nayo bebeni.

Tiketi sasa. Kutoka KIA mnaweza kupitia Addis Ababa mpaka Tel Aviv, ila msikate ya Ijumaa hata bei ikishuka vipi, ndege ikichelewa tu Sabato, inayoanza Ijumaa jua likizama, inawakuta kiwanjani. Na hapa ndo wengi wanajichanganya, sisi huku tumezoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kule Desemba linazama kama saa kumi na nusu na mishumaa ya Sabato Jerusalem huwashwa dakika 40 kabla, yaani saa kumi kasoro mtu awe ameshaoga na msosi uko tayari!

Chakula cha kosha (kinachofuata sheria za Kiyahudi) kwenye ndege hakiji chenyewe, ajenti akiombe mnapobuki na mthibitishe tena siku mbili kabla, mwenye wasiwasi abebe karanga. Tefilini, vile visanduku vya ngozi vinavyovaliwa kwenye sala, ziende begi la mkononi. Minyani, yaani idadi inayotakiwa kwa sala ya pamoja, ni watu 10, mkienda kumi kamili akiugua mmoja imekula kwenu. Begi kila mtu apange mwenyewe maana usalama watauliza, na vile vifurushi vya "mpelekee tu mdogo wangu" kataeni.