Kulitia jahazi deheni kabla ya kusi: kazi ya nahodha mwenye chombo

Nahodha wa Unguja au Lamu wa karne ya 19 aliyekuwa na jahazi lake mwenyewe alipata faida au hasara kabla hajatweka tanga. Mwanzo wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, Aprili hadi Mei, ndio uliompeleka Maskati na Sur, bandari za Omani, na boriti zake za mikoko, zilizohesabiwa kwa korja, yaani mafungu ya boriti 20. Ikifika Juni Bahari ya Arabuni huchafuka. Aliyechelewa alikaa mpaka Agosti, akilisha mabaharia kwa riale za kukopa. Ndiyo maana kazi ya deheni, yaani kupaka chini ya chombo mchanganyiko wa shahamu na chokaa, haikuahirishwa.

Hesabu mwezi kwanza. Pandisha chombo siku moja au mbili kabla ya kilele cha bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukikipandisha kileleni, maji ya siku zinazofuata hayakifikii tena, nacho kitakaa mchangani karibu wiki mbili. Kosa hili tu lingeweza kumkosesha nahodha kusi.

Shusha shehena na farumi zote, yaani mawe au mchanga wa kukipa chombo uzito, ufue maji ya ngama, yaliyotuama chini kabisa ndani ya chombo. Chagua mchanga sawa: jiwe moja chini ya mkuku, mti mkuu wa chini ya chombo, hubeba uzito wote na kuachanisha mbao. Weka gadi, miti ya kukiegemeza chombo, pande zote mbili kabla chombo hakijakaa. Kila gadi iegemee penye taruma, yaani mbavu ya chombo, kwani katikati ya ubao itautoboa, na chini yake pawe na kipande cha ubao isizame mchangani.

Maji yakitoka, kwangua chaza na mwani, kisha pitisha vienge vya makuti. Moto huua minyoo na kukausha mbao. Upite tu, usikae, maana utaunguza pamba ya kalafati, inayoziba nafasi kati ya mbao. Hapa usiharakishe. Tundu la mnyoo kwa nje halizidi kichwa cha pini, ndani ni handaki. Gonga ubao kwa nyundo: ukilia kama debe tupu, ubadilishe.

Kalafati ni pamba iliyosokotwa na kulowekwa sifa, mafuta ya papa, au mafuta ya nazi, ikashindiliwa kwa patasi butu. Usiijaze hadi ukingoni; ubao ukinywa maji huvimba na kuisukuma nje.

Kwa deheni, yeyusha shahamu, mafuta ya mnyama, tia chokaa iliyochekechwa kidogo kidogo mpaka iwe uji mzito, upake kwa kiganja ingali vuguvugu. Chokaa ikizidi itapasuka, ikipungua itateleza. Ubao mbichi hauishiki kabisa. Juu ya mstari wa maji hupakwa sifa, na harufu yake ivumiliwe.

Maji yakirudi, gadi zingali zimesimama, ingia ngamani na taa. Penye tone tia alama ya mkaa, pazibwe maji yakitoka tena, kabla hata pishi moja ya shehena haijapakiwa.