Somo: Kuboresha antena ya redio ya mkono, kuanzia mkia wa waya hadi antena ya juu ya paa

Mtu anayepata redio yake ya kwanza ya mkono hapa Lubumbashi huanza karibu kila mara kwa kulalamikia nguvu. Anaona wati 5 ni kidogo, anatafuta redio ya wati 8, naye muuzaji hana sababu ya kumkatalia. Hesabu inasema vingine: kutoka wati 5 hadi 8 ni ongezeko la desibeli 2 tu, ambalo mwenzako wa upande wa pili atalitambua kwa shida, na ambalo halikusaidii lolote wakati wa kupokea. Antena nzuri hufanya kazi pande zote mbili, kutuma na kupokea, bila kuongeza hata kidogo matumizi ya betri. Somo hili linahusu bendi ya mita 2, yaani megahezi 144 hadi 146. Ninachukulia kwamba msomaji ana kibali cha ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, na alama yake ya mwito inayoanza na 9Q. Asiye navyo aanzie huko kabla ya kugusa kitufe cha kutuma.

Hatua ya kwanza: kujua antena uliyo nayo inakosa nini

Wimbi la megahezi 145 lina urefu wa mita 2 na sentimita 7 hivi. Antena rahisi kuliko zote ni waya wa robo ya wimbi, ambao ukikatwa kwa vipimo vya kazi hufikia sentimita 49. Antena ya mpira iliyokuja na redio ni fupi kuliko hapo kwa sababu ndani yake waya umezungushwa kama springi. Ufupisho huo unaifanya iingie mfukoni, lakini sehemu ya nguvu hupotea kwa joto, na upana wa masafa ambamo antena inafanya kazi vizuri hupungua.

Kasoro kubwa zaidi haionekani kwa macho. Antena ya robo ya wimbi ni nusu tu ya antena. Umeme unaopanda kwenye waya lazima upate mahali pa kusukumia kwa upande wa chini. Katika redio ya mkono, nusu hiyo ya chini ni kasha la redio, ambalo ni fupi mno, pamoja na mkono wa aliyeishika. Ndiyo maana mtu akiiweka redio mezani na kusogea mbali, sauti inabadilika ingawa hajagusa kitu. Wengi hununua antena ndefu ya juu na kuisahau nusu hii ya chini, kisha wanashangaa kwamba fedha zimekwenda na umbali umebaki uleule.

Hatua ya pili: konekta

Kabla ya kununua chochote, fungua antena yako na utazame redio. Baofeng UV-5R ina konekta ya SMA, ile ndogo ya kukaza kwa nyuzi, yenye pini katikati, hivyo antena yake huwa na tundu. Redio nyingi za mkono za Yaesu ni kinyume: tundu liko kwenye redio na pini iko kwenye antena. Baadhi ya Icom hutumia BNC, ile inayofungwa kwa kuzungusha robo ya mzunguko. Usilazimishe. Kipunguzo cha kuunganisha aina mbili tofauti kinafaa kwa kebo, lakini antena ndefu iliyosimama juu ya kipunguzo hulegeza konekta ya redio kwa muda mfupi.

Hatua ya tatu: antena ndefu na mkia wake

Antena ya kununua inayofahamika zaidi ni Nagoya NA-771, yenye urefu wa sentimita 39 hivi, ambayo ina bandia nyingi sokoni. Kabla ya kulipa, iunganishe na redio, sikiliza kituo dhaifu unachokifahamu, halafu rudisha antena ya mpira usikilize tena. Usipoona tofauti yoyote, irudishe kwa muuzaji.

Baada ya hapo tengeneza mkia. Chukua waya laini wenye ganda wa sentimita 49, lehemu kwenye ncha yake moja pete nyembamba ya chuma inayoweza kupita juu ya nyuzi za konekta, kisha uibane pete hiyo kati ya redio na antena. Mambo mawili ni ya lazima: pete iguse sehemu ya nje ya konekta tu, isifike kwenye pini, na iwe nyembamba kiasi kwamba pini bado inaingia hadi mwisho. Waya uachwe uning'inie huru kuelekea chini. Huo ndio upande wa pili wa antena uliokuwa ukikosekana, na kwa gharama ya kipande cha waya sijui badiliko lingine linalolipa zaidi. Urembo haupo, nakubali, watoto watacheka.

Hatua ya nne: kuitoa antena nje ya nyumba

Bukavu ina vilima, na mtu anayeishi mtelemkoni hupewa urefu bure. Sisi tuko kwenye tambarare. Kila mita tunayoitaka ni lazima tuijenge. Tena nyumba zetu nyingi zimeezekwa mabati, na mabati huzuia mawimbi haya. Kwa hiyo antena ndogo iliyo juu ya paa itaishinda antena ya bei kubwa iliyo chini yake.

Antena ninayoipendekeza ina waya mmoja wima na waya nne za chini. Unahitaji soketi ya SO-239 yenye bati la mraba na matundu manne pembeni, skrubu ndogo nne na nati zake, na mita 3 za waya mgumu wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule ambao mafundi umeme hupitisha ukutani. (Katika mji uliokua kwa shaba, waya huu ulipaswa kuwa rahisi; dukani hawalijui hilo.) Menya ganda. Kata waya mmoja wa sentimita 52 na nyingine nne za sentimita 54. Lehemu ule wa kwanza kwenye kikombe cha katikati ya soketi ili usimame wima. Nyingine nne kunja ncha zake ziwe pete, zifunge kwa skrubu kwenye matundu ya pembeni, kisha ziinamishe chini kwa nyuzi 45. Mwinamo huo una sababu: waya za chini zikiwa mlalo, antena huwa na ukinzani wa omu 36 hivi, zikiinamishwa hukaribia omu 50, ambazo ndizo redio na kebo zinazotarajia.

Sasa upimaji. Waya ya wima tumeiacha ndefu kwa makusudi, kwa kuwa kukata ni rahisi kuliko kuunga. Ukiwa na kipimo kidogo cha NanoVNA, au kipimo cha mawimbi yanayorudi cha rafiki, tafuta ni kwenye masafa gani mawimbi yanayorudi ni machache zaidi. Kikionyesha megahezi 138, antena ni ndefu. Katika bendi hii sentimita moja ya waya ya wima inahamisha masafa kwa takriban megahezi 3, kwa hiyo kata nusu sentimita kwa nusu sentimita ukipima kila mara, na ufanye hivyo antena ikiwa wazi, mbali na ukuta na mabati. Ukifikia uwiano wa mawimbi yanayorudi (SWR) wa 1.5 kwa 1 katika megahezi 145, acha. Katika uwiano huo asilimia 4 tu ya nguvu inarudi, na hakuna mtu atakayeisikia tofauti kati yake na ukamilifu. Asiye na kipimo akate waya ya wima sentimita 49 na za chini sentimita 52. Atakuwa karibu vya kutosha.

Kebo inataka uangalifu kuliko antena yenyewe. Mita 10 za RG-58, kebo nyembamba ya kawaida ya omu 50, hula desibeli 2 hivi katika megahezi 145, maana yake wati 5 zinazotoka kwenye redio zinafika juu zikiwa wati 3 na kidogo. Katika megahezi 435, yaani bendi ya sentimita 70, hasara inakaribia maradufu kwa desibeli. Bado urefu unafidia hasara hiyo, lakini usinunue mita 30 eti zitatosha siku zote. Ziba maungio kwa utepe wa umeme dhidi ya mvua. Upande wa redio tumia kipande kifupi cha kebo laini, kwa sababu kebo nene inayovuta konekta ya SMA huivunja.

Mlingoti usimamishwe mbali na nyaya za SNEL, shirika la umeme, kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake, ili hata ukianguka usizifikie. Na kuanzia Novemba hadi Machi, mawingu ya radi yanapokusanyika, ondoa kebo kwenye redio na uitoe nje ya nyumba kabla ngurumo ya kwanza haijasikika.

Hatua ya tano: kujaribu kwa haki

Katika FM, aina ya utumaji ambayo redio hizi hutumia, mawimbi yakishakuwa na nguvu ya kutosha sauti husafika kabisa, na antena mbaya na nzuri husikika sawasawa. Kwa hiyo usijaribu na jirani wa mtaa uleule. Chagua mwenzako ambaye anakusikia kwa makelele, punguza redio hadi wati 1, badilisha antena bila kumwambia unatumia ipi, na umwombe aseme ipi ilikuwa safi zaidi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Katuba: Mzee, nina kebo ya dishi la televisheni iliyobaki. Je, naweza kuitumia?

Jibu: Ndiyo, ndugu. Hiyo ni ya omu 75, na tofauti yake na omu 50 inaleta uwiano wa 1.5 kwa 1 hivi, jambo ambalo redio inalivumilia. Kebo nzuri ya dishi hupoteza kidogo kuliko RG-58. Tatizo lake ni fundi: wavu wake wa nje mara nyingi ni wa alumini, haushiki risasi ya kulehemu, hivyo tumia konekta za kukaza na vipunguzo.

Mwanachama wa Ruashi: Tangu niweke antena ya nje, redio yangu ya bei nafuu inasikia vibaya kuliko zamani. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea. Redio hizi zina kipokezi kinachozidiwa na vituo vikubwa vya FM vya mjini, na antena ya nje inaviingiza kwa nguvu zaidi, hata kituo dhaifu kikafunikwa. Rudisha antena ya mpira: kituo dhaifu kikisikika vizuri zaidi, basi ndiyo sababu. Dawa yake ni kichujio kinachozuia megahezi 88 hadi 108, kiwekwe kati ya kebo na redio.

Mama mmoja wa Kamalondo: Mwalimu, antena hii itafaa pia kwa bendi ya sentimita 70?

Jibu: Vipimo vitaonekana vizuri, mama, kwa kuwa sentimita 49 ni karibu robo tatu ya wimbi la megahezi 435. Lakini sehemu kubwa ya nguvu huelekea juu badala ya upeo wa macho. Kwa mazungumzo ya karibu inatosha; kwa mbali jenga nyingine yenye waya ya wima ya sentimita 16 hadi 17.

Mwanachama wa Kenya (komuni ya hapa Lubumbashi): Je, nitafika Kipushi?

Jibu: Kipushi ni kilomita 30 hivi. Katika nchi tambarare, upeo wa redio kwa kilomita ni kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, ukizidishwa kwa 4.1. Redio ya mkononi iliyo mita 2 juu ya ardhi inaona kilomita 6, na antena ya mita 10 inaona 13. Jumla ni 19, haitoshi. Wewe na mwenzako wa Kipushi mkiwa na antena za mita 14 kila mmoja, mnapata kilomita 15 na 15. Miti na majengo yatakula sehemu yake, kwa hiyo ongezeni mita mbili tatu kama mlingoti unaruhusu.