Kamera ya PoE: Anza na Shaba

Kamera ya kwanza niliyofunga kwa PoE, yaani umeme na picha kupita kwenye waya mmoja wa mtandao, ilifanya kazi mchana kutwa. Giza lilipoingia ikazima, ikawaka, ikazima tena. Nilibadilisha kamera, nikabadilisha swichi, kile kisanduku cha mtandao kinachoilisha kamera umeme. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya: alumini iliyopakwa shaba, urefu mita 80. Usiku taa za infraredi, mwanga usioonekana unaoisaidia kamera kuona gizani, zikiwaka kamera huvuta umeme zaidi, na alumini hupunguza volti njiani zaidi kuliko shaba.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, uache hapo hapo. Chukua waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Wa nje uwe na ganda linalostahimili jua.

Kisha piga hesabu ya wati. PoE ya kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwenye tundu la swichi. Kamera huhakikishiwa 12.95, zilizobaki huliwa na waya. Kamera kubwa za kuzunguka mara nyingi hudai kiwango cha juu zaidi, 802.3at, wati 30. Wengi hukwama kwenye jumla: swichi ya matundu 8 yenye wati 60 kwa pamoja haiwezi kulisha kamera 8 za wati 10.

Waya usizidi mita 100, usiandamane na nyaya za umeme wa jengo, usikunjwe kona kali. Kama kamera iko nje, nyingi huja na kifuniko cha kuzuia maji: kipitishe kwenye waya kwanza, ndipo ubane kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha kuchomeka kwenye tundu. Ukisahau, utakata kichwa uanze upya.

Mpangilio wangu wa rangi za nyuzi kwenye kichwa ni ule uitwao T568B, pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi za nyuzi zilizosokotwa zisifunguliwe zaidi ya sentimita moja hivi. Pima nyuzi zote 8 kwa kipima waya.

Kamera iwashe mezani kwanza, ubadilishe nywila ya kiwandani, ndipo upande ngazi. Huko juu acha waya uning'inie kitanzi chini ya kiungio, maji yadondokee hapo badala ya kuingia ndani. Ukimaliza usifungashe vifaa bado. Ngoja giza liingie, taa za infraredi ziwake, uitazame picha kwa nusu saa.