Jinsi nilivyolitengenezea tanga langu njia ya kupunguzwa

Mashua yangu ina urefu wa mita 4.5, na tanga kuu lake halikuwa na njia yoyote ya kupunguzwa, yaani kushushwa kidogo na kukunjwa sehemu yake ya chini ili lishike upepo mdogo zaidi. Upepo ukizidi, nililegeza demani (kamba ya kukazia na kulegezea tanga), tanga likapigapiga, na nikilikaza tena mashua inalala ubavu huku usukani ukiwa mzito kwa kuwa omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, inataka kugeukia upepo. Siku moja nilirudi nchi kavu viganja vimechubuka, nikaamua kulishona mwenyewe. Ilinichukua jioni tatu.

Tandaza tanga sakafuni upime. Langu lina mita 5 upande wa mlingoti na mita 2.4 chini. Niliweka alama sentimita 90 juu ya pembe ya mbele, na sentimita 100 juu ya pembe ya nyuma. Tofauti hiyo ni ya makusudi: tanga likipunguzwa, mti wa chini, ule unaonyoosha ukingo wa chini wa tanga, unanyanyuka kidogo kwa nyuma, usiburure majini wala kumpiga mtu kichwani. Kwa vipimo hivi karibu theluthi ya tanga inaondoka. Si nyingi mno. Kama utaweka hatua moja tu, iwe ya kuleta tofauti utakayoihisi.

Sasa pembe mbili mpya, na hapa usiharakishe hata kidogo. Nguvu yote ya upepo itabebwa na pembe hizi, si na vikamba vya katikati vya kufungia kitambaa kilichokunjwa. Kila pembe niliiwekea viraka vinne vya kitambaa cha tanga, kikubwa cha sentimita 30 na vingine vikipungua, ili mvuto usambae badala ya kuishia kwenye mstari mmoja wa mshono. Vishikize kwanza kwa gundi ya utepe, kisha ushone zigizaga kwa uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza. Toboa, weka pete nene ya shaba.

Katikati weka vitundu vitatu vidogo vyenye pete, vya kupitishia vile vikamba, kila kimoja na kiraka chake. Vishushe kama sentimita 2 chini ya mstari ulionyooka kati ya pembe mbili. Vikiwa juu ya mstari huo vitabeba mzigo, na tanga litachanika hapo.

Mbele, funga kulabu pale mti wa chini unapoungana na mlingoti. Nyuma, chukua kamba ya milimita 6, ifunge kwenye mti wa chini, ipandishe ipite kwenye pete, iteremke upande wa pili hadi kwenye kapi (gurudumu dogo la kupitishia kamba) lililofungwa kwenye mti huo, kisha ije mbele hadi kwenye kishikio karibu na mlingoti. Kapi likae sentimita chache nyuma ya mahali pete itakaposhukia, ili kamba ivute chini na nyuma kwa pamoja. La kwangu nililiweka sawa na pete na tanga likajaa kama mfuko. Ilibidi nitoboe upya.

Ukiwa majini, legeza demani. Shusha henza (kamba ya kupandishia tanga) mpaka pete ya mbele iingie kwenye kulabu, kisha ikaze henza barabara. Ndipo uvute kamba ya nyuma hadi sehemu ya chini ya tanga inyooke. Vikamba vya katikati vifunge mwisho, kwa ulegevu, kwa kukusanya kitambaa tu.

Kulirudisha, anza na vikamba hivyo. Ukivisahau na kupandisha henza, utachana kile ulichokishona jioni tatu. Kisha legeza kamba ya nyuma, toa kulabu, pandisha.

Mimi nimeshona uzi mwekundu kwenye henza mahali inapopaswa kusimama, na nilirudia zoezi lote mara kumi nchi kavu, siku isiyo na upepo, mpaka mikono ikalijua.