Kabla ya Kwenda Kuvua Trauti Mwaka wa Ukame

Trauti si samaki wa asili wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Waliletwa kutoka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, wakapandwa katika mto Gura, na wakastawi kwa sababu maji ya huko juu ni baridi. Mvua zikikosa, mto hupungua, jua huufikia hadi chini, na baridi hiyo hutoweka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutia mfukoni ni kipimajoto. Kitumbukize palepale unapotaka kuvua, kivulini, ukiache dakika 2. Maji yakiwa chini ya nyuzi 17 za Selsiasi, vua. Yakiwa 18 au 19, vua kidogo na uache mapema. Yakifika 20, usirushe mshipi kabisa. Maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na kwenye mwinuko wa mita 2,000 hubeba pungufu zaidi, takriban moja ya tano chini ya yale ya usawa wa bahari yenye joto lilelile. Samaki aliyepigana na mshipi huhitaji hasa hicho kilichopungua. Ukimwachilia, utamwona akiondoka vizuri, kisha afe baadaye chini ya jiwe, usijue.

Fika mtoni saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa bado na baridi ya usiku. Saa nne pima tena.

Maji yakiwa haba na maangavu, wengi hukimbilia mshipi mwembamba kupita kiasi. Ni kosa: utalazimika kumchosha samaki polepole ndipo umtoe. Ncha ya mshipi ya milimita 0.15 yatosha, na chambo cha nzi bandia wadogo, ndoano namba 16 hadi 18. Kijino cha ndoano kibane kwa plaizi ukiwa bado nyumbani, ili ichomoke mara moja. Beba wavu wa mkono wenye nyuzi za mpira, usiokwangua ute wa samaki. Vaa rangi za majani makavu. Trauti hukaa akielekea mkondo unakotoka, basi mwendee kutoka upande wa chini wa mto, umeinama, kivuli chako kikiwa nyuma.

Karibu na mashamba, mifereji ya umwagiliaji huwa imeshachota sehemu kubwa ya maji. Panda msituni, utafute mahali yanapovunjika juu ya mawe au chini ya maporomoko, maana hapo hewa huchanganyika nayo. Lakini ukame huwashusha ndovu na nyati kwenye mito hiyohiyo, na mvumo wa maji huficha nyayo zao. Panga askari wa wanyamapori siku moja kabla, pamoja na leseni ya uvuvi na kiingilio cha hifadhi.

Ukimnasa, lowesha mikono kwanza. Mfungue akiwa majini, mshike kichwa kikielekea mkondo, mpaka ajikwamue mwenyewe.